Utosi Ukibonyea Usingoje Ruhusa

Mpeleke mtoto mchanga aliye mgonjwa kwa kina mama wakongwe wa Likoni, Kisauni au Changamwe, utaona kwamba kabla hawajauliza lolote watampitishia kiganja juu ya utosi. Wakiukuta umebonyea, nyuso zao hubadilika. Mmoja atasema mtoto ametupiwa jicho. Wa pili atataka pafanywe kombe. Wa tatu atakuwa amekwisha kutuma mtu kwa fundi wa kukata kimeo. Hapo ndipo saa zinapoanza kupotea.

Nataka leo, wasomaji wapenzi, tuutazame utosi huo pamoja. Kwa maoni yangu wazee wetu hawa wamedhulumiwa mara mbili. Wako wanaowacheka na kusema kuwa hawajui kitu, na wako wanaowafuata katika kila jambo bila ya kuuliza. Haki yao iko katikati. Macho yao yanaona sawasawa, na lililokosekana ni dawa.

WALIONA VYEMA

Utosi wa mtoto ambao haujafunga ukibonyea, macho yakitumbukia, machozi yakikauka na mtoto analia, ngozi ya tumbo ikifinywa ikachelewa kurudi mahali pake: hizo ndizo dalili anazozitafuta daktari anapotaka kujua kama mtoto anayehara amepungukiwa na maji mwilini. Zote zina maneno katika Kiswahili chetu, na zilikuwa nayo kabla ya kujengwa zahanati ya kwanza huku kwetu.

Kichomi nacho ni hivyo hivyo. Zama hizi twakiita nimonia, au homa ya mapafu, lakini bibi zetu walikwisha kusema kwamba mtoto wa kichomi "pua zacheza na mbavu zaingia ndani." Ukisoma mafunzo ya Shirika la Afya Ulimwenguni kwa wahudumu wa afya, utakuta jambo hilo hilo limeandikwa: sehemu ya chini ya kifua kuingia ndani mtoto anapovuta pumzi.

Nilimwamkia bibi mmoja wa Mtongwe, mkunga wa siku nyingi ambaye sasa macho yamepungua nguvu, nikamuuliza habari hizi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Tulizungumza sana, na katika mazungumzo yake alitamka neno ambalo sijalisahau. "Mwanangu," aliniambia, "sisi tulikuwa twaona. Twamwona mtoto aenda, na twajua kuwa aenda. Lakini la kumrudisha tulikuwa hatunalo."

Leo la kumrudisha lipo, na bei yake ni ndogo. Hata hivyo Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu kwamba katika mwaka 2019 nimonia iliwaua watoto wapatao 740,000 wa chini ya umri wa miaka 5 duniani. Kuhara nako huwaua kiasi cha 440,000 kila mwaka. Ukijumlisha hayo mawili, ni kama mji mzima wa Mombasa, kisiwa na bara, ungekuwa wa watoto watupu na kufutika kwa mwaka mmoja. Mwaka 2013 shirika hilo pamoja na UNICEF walitoa mpango wa kupiga vita maradhi hayo mawili kwa pamoja, kwa sababu mlango wa kuingilia ni mmoja: maji machafu, moshi, lishe duni, chanjo iliyokosekana na kuchelewa kutafuta tiba.

MTOTO SI MTUNGI

Kosa kubwa katika kutibu kuhara ni kumfunga mtoto kinywa. Huambiwa, "Usimpe maji, akinywa ndiyo aendesha zaidi." Maneno haya yana sura ya akili, maana mtungi uliotoboka hautiwi maji. Lakini mtoto si mtungi. Mtoto ni mche, na mche ukinyauka haunyimwi maji. Linalomuua mtoto anayehara, mara nyingi, ni ukavu wa mwili unaoletwa na maji na chumvi kumtoka. Mdogo hukaushwa upesi kuliko mkubwa. Asubuhi anacheza, usiku hana nguvu ya kushika ziwa.

Ama kimeo, jambo hili lataka kusemwa bila kuficha. Kile kinyama kinachoning'inia kooni hakileti kikohozi cha kichomi wala kuhara. Kukikata kwa wembe au kisu kunaweza kumtoa mtoto damu nyingi na kumtia jeraha lenye uchafu. Kisha humpotezea siku mbili tatu, wakati mtoto wa nimonia hana siku mbili tatu za kupoteza.

Kuhusu kombe na dua, hayo ni mambo ya imani nami siyagusi ila kwa neno moja: dua haikatazi dawa. Mtume (s.a.w.) alituagiza tujitibu, na masheikh wetu hulisema hilo mimbarini. Basi dua isomwe njiani. Husomeka ndani ya matatu, na husomeka juu ya feri ya Likoni.

BANGLADESH MBILI

Huko Mikindani, upande ambao zamani ulihesabiwa katika Changamwe na leo umo Jomvu, kuna mtaa uitwao Bangladesh. Ni mtaa wa nyumba zilizosongamana, na maji yake aghalabu hununuliwa kwa mtungi. Wengi wetu tumelizoea jina hilo hata hatukumbuki kuwa ni jina la nchi. Nami naona yafaa tuikumbuke nchi hiyo, maana ni nchi ya Waislamu maskini iliyoifundisha dunia namna ya kumwokoa mtoto anayehara.

Mwaka 1968, mjini Dhaka, madaktari Wamarekani David Nalin na Richard Cash, wakifanya kazi pamoja na wenyeji, walionyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu aweza kutibiwa kwa kunywa maji yenye chumvi na sukari. Siri yake ni hii. Utumbo wa mtu anayehara hushindwa kuyavuta maji matupu, lakini chumvi ikifuatana na sukari huingia, na zikiingia hizo mbili maji huzifuata. Sukari ni ufunguo, chumvi ndiyo inayopita mlangoni, na maji huja nyuma yake.

Mwaka 1971 vita vilizuka, na mamilioni ya wakimbizi wakavuka kuingia India. Kipindupindu kikawazukia kambini. Huko Bangaon daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutia mishipani, akaamua kuchanganya chumvi na sukari kwenye mapipa, akawaachia jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Hapo awali katika kila wagonjwa 100 walikuwa wakifa kama 30. Baada ya hapo waliokufa hawakufika 4. Mwaka 1978 jarida la madaktari la Uingereza liitwalo The Lancet likaandika kwamba huenda ugunduzi huo ndio mkubwa kuliko wote wa utabibu katika karne hiyo.

Lakini kugundua ni jambo moja, na kumfikishia mama jikoni ni jambo lingine. Tangu 1980 shirika la BRAC la Bangladesh liliwatuma wanawake nyumba kwa nyumba, wakawafundisha kina mama kupima chumvi kwa ncha za vidole vitatu na sukari guru kwa kujaza kiganja. Mshahara wa mwalimu ulitegemea mama amekumbuka nini baada ya mwalimu kuondoka. Hata hivyo mwanzoni wengi walijua na hawakutumia. Ilipochunguzwa, ikaonekana kwamba waume walikuwa wameachwa nje ya mazungumzo, na jambo wasilolijua hawakuliridhia. Basi wakafuatwa misikitini na masokoni, wakaelezwa. Kufikia 1990 somo hilo lilikuwa limefika katika nyumba zipatazo milioni 12. Msomaji naomba ulishike hili la waume, kwani nitalirudia.

Huku kwetu, pakiti za O.R.S. hupatikana zahanati na katika maduka ya dawa, na hizo ndizo bora kwa kuwa zimepimwa. Pakiti ikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi, yaani chupa mbili za nusu lita, utie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kurundika. Onja. Yasizidi chumvi ya machozi. Mnyweshe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko, na kila anapohara mwongeze. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha uendelee polepole. Maji hayo yakilala siku moja yamwage, ufanye mengine. Ziwa lisikatwe, na anayekula aendelee kula. Mwulize muuguzi pia vidonge vya zinki, ambavyo mtoto hupewa kwa siku 10 hadi 14. Hupunguza ukali wa kuhara.

Ukiona damu katika choo, au mtoto hawezi kunywa, au atapika kila kitu, au amelegea na haamki vizuri, au amepata degedege, hapo usikae na kijiko nyumbani. Toka.

KICHOMI NA SAA YA MKONONI

Kuhara kuna dawa ya jikoni. Kichomi hakina. Mafuta ya kupaka kifuani, tangawizi na asali haviui vijidudu vilivyomo mapafuni. Dawa yake ni antibaiotiki, aghalabu amoksilini, ambayo siku hizi hutengenezwa kwa vidonge vinavyoyeyuka katika maziwa ya mama au maji kidogo. Aliyezidiwa huhitaji hewa ya oksijeni hospitalini.

Lakini kukitambua mapema kwawezekana nyumbani, na chombo chake ni saa. Katika miaka ya 1970 na 1980 madaktari waliofanya kazi Papua New Guinea, akiwemo Frank Shann, walionyesha kwamba mhudumu asiye na mashine aweza kuitambua nimonia kwa kutazama kifua na kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, funua kifua uhesabu pumzi kwa dakika 1 kamili. Kwa aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kwa wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni 50 au zaidi. Kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40 au zaidi. Na mbavu zikiingia ndani kama alivyosema bibi, huna haja ya kuhesabu tena.

Jirani yangu mmoja wa Mlaleo ameiandika hesabu hiyo kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba: 60, 50, 40. Wageni humuuliza kama ni deni la duka.

KILIFI YATUONYESHA

Wako wanaosema kwamba maradhi haya ni kudura na hayapungui. Tusiende mbali kuwajibu. Kilifi, kiasi cha kilomita 60 kaskazini ya kisiwa chetu, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI kilichoanzishwa mwaka 1989, na watafiti wake wamewahesabu watoto kwa miaka mingi.

Mwaka 2001 Kenya iliingiza chanjo ya kijidudu kiitwacho Hib, mmoja wa wakuu wa kuleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kabla ya chanjo, katika kila watoto 100,000 wa chini ya miaka 5 huko Kilifi, walioonekana na ugonjwa mkali wa Hib walikuwa 66 kwa mwaka. Miaka michache baadaye wakawa chini ya 8. Mwaka 2011 ikaja chanjo ya nimokoka, na maradhi makali ya aina zile zinazokingwa na chanjo hiyo yakapungua kwa watoto wa Kilifi kwa zaidi ya sehemu 9 katika 10. Mwaka 2014 yakaja matone ya kukinga virusi vya rota, ambavyo ni chanzo kikubwa cha kuhara kwa wachanga, na watoto waliolazwa kwa sababu yake wakapungua kwa zaidi ya nusu.

Watoto hao ni wetu. Ni Wagiriama, Wachonyi, Waswahili, watu tunaooleana nao. Na katika nchi nzima, mwaka 2003 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, 115 walikuwa hawafiki miaka 5. Hesabu ya 2022 iliwakuta ni 41. Kazi haijaisha, lakini imeonekana kuwa yafanyika. Basi kadi ya kliniki itunzwe kama hati ya shamba. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zisipite, wala sindano ya shurua ya miezi 9 na ile ya miezi 18, kwa sababu shurua hufungua mlango wa kichomi na wa kuhara pia.

MAJI NA MOSHI

Haitakuwa haki kuyatupa yote mgongoni mwa mama. Hesabu ya watu ya 1979 iliikuta Mombasa ina watu 341,000 hivi. Ile ya 2019 iliikuta ina 1,208,333. Maji yetu yatoka mbali: Mzima, Marere katika milima ya Shimba, Baricho katika mto Sabaki, na visima vya Tiwi kwa upande wa Likoni. Watu wamezidi kuliko mabomba. Ndiyo maana mikokoteni ya mitungi haikomi kupita vichochoroni, na ndiyo maana nyumba nyingi zina kisima hatua chache kutoka choo cha shimo, juu ya mwamba wa matumbawe wenye nyufa. Mwenye kisima cha namna hiyo ayachemshe maji, au ayatie dawa, kisha ayaweke katika chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko. Na wenye madaraka ya maji nao wana hesabu ya kutoa, hapa na kesho akhera.

Sisi ni watu wa tahara, twatawadha mara tano kwa siku. Lakini udhu hauna sabuni. Kuosha mikono kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumtawaza mtoto na kabla ya kumlisha hupunguza kuhara kwa kiasi cha theluthi moja.

Maziwa ya mama ni zawadi ambayo hatuhitaji kufundishwa na mtu. Qurani katika Surat al-Baqara, aya ya 233, imekwisha kuutaja muda wa miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kuutimiza. Madaktari wanaongeza kwamba katika miezi 6 ya mwanzo mtoto asipewe kingine. Tahniki ni sunna ya dakika moja. Linaloharibu ni chupa ya maji ya sukari na uji mwepesi unaoanza arobaini haijatoka.

Na moshi. Nyumba yetu ya Kiswahili hupenda harufu nzuri, seredani huwashwa, ubani na udi hufukizwa, na mzazi wa arobaini hufungiwa chumbani na mtoto wake. Mapafu ya siku 20 hayawezi moshi huo. Udi na ufukizwe sebuleni mtoto akiwa kwingine, na jiko la makaa lipikiwe uani.

RUHUSA

Sasa nalirudia lile la waume. Mtaani kwetu Kisauni tulimzika mtoto wa miezi 7. Kichomi kilimwanza adhuhuri. Mama aliziona mbavu, na mama mkwe aliziona. Baba alikuwa kazini zamu ya usiku, na simu yake ilikuwa imezimwa. Wakangoja, kwa kuwa katika nyumba ile mke hatoki usiku bila ya mume kujua. Baba aliporudi alfajiri alimbeba mtoto mwenyewe mpaka barabarani. Hawakufika.

Hakuna mtu mbaya katika kisa hicho. Kila mmoja alishika adabu aliyofundishwa. Lakini adabu hiyo iliwekwa kwa kuilinda nyumba, nayo nyumba ililindwa mpaka mtoto akatoka ndani yake juu ya jeneza. Sote twajua uzito wa kuiokoa nafsi moja katika dini yetu. Sidhani yuko baba hapa pwani ambaye, angeulizwa mapema, angesema mtoto wake angojewe.

Basi aulizwe mapema, au aseme mwenyewe kabla ya kuulizwa. Wewe baba unayesoma gazeti hili, leo baada ya Isha mwambie mkeo, na mama yako awe anasikia, kwamba mtoto akibonyea utosi, au mbavu zikiingia ndani, au akishindwa kunyonya, ruhusa imekwisha kutoka na haina saa. Mwambie aende Port Reitz, au Likoni, au Mlaleo, au Makadara kwenye hospitali kuu, popote palipo karibu na palipo wazi. Na nauli ya tuktuk uiweke mahali ambapo mkono wake utaifikia hata gizani.